Siku Nilipotundika Jina la Baba Mkwe Kichwa Chini

Msinione nacheka mkadhani yameisha. Hayajaisha. Kuna watu Kabambare ambao mpaka leo tukikutana sokoni wanalaza shingo upande, hivi, kama kuku anayemtazama mwewe, wala hawasemi kitu, na mimi najua wamesema nini, na aibu inanipanda upya kuanzia visiginoni. Kwa hiyo heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa Shangazi Feza, shangazi yake mume wangu, maana yeye naye anasimulia, na katika masimulizi yake mimi nilifika kwao na fagio.

Naitwa Mapendo, nafanya kazi katika ateliye, yaani karakana, ya mbao hapa Kasongo, na kazi yangu si randa wala msumeno, ni mashine. Ni ile inayochonga yenyewe: unachora umbo kwenye ordinatere (kompyuta, kama wengine mnavyosema), unaufunga ubao mezani, unawasha jenereta, na meshi, kile chuma chenye makali kinachochonga, inashuka inazunguka na kwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, kama mtu anayejua anakokwenda. Asiyejua ni mimi. Mashine ilikuja kwa vipande kutoka Bukavu, fundi aliyeiunganisha akanionyesha harakaharaka, akapanda pikipiki akaenda zake, na tangu hapo mimi na hiyo mashine tunaishi kama watu waliooana bila kuchumbiana, kila siku mmoja anamshangaa mwenzake. Lakini naipenda. Hilo mlijue mapema, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini niliogopa vile.

Mume wangu Dezire ni mwalimu hapahapa Kasongo, ila kwao ni Kabambare. Harusi yetu tuliifanyia huku, na baba yake, Papa Mupenda, hakuja kwa sababu mguu ulikuwa unamsumbua, basi hatukuwa tumeonana hata siku moja. Siku moja akatuma sauti kwenye simu ya Dezire, tukaisikiliza wote wawili tukiwa tunakula.

"Dezire, minasikia bibi yako anachongaka mbao na moteri. Mulete huku tumuone. Nitaangalia, kisha nitasema neno."

Dezire akaacha kutafuna. Katika ile familia neno la Papa Mupenda likishatoka halirudi mdomoni, na neno lenyewe tulilijua: ama nirudi Kasongo kwenye mashine yangu, ama nibaki Kabambare nilime pamoja na wake wa ndugu za Dezire, naye awe ananifuata wakati wa likizo. Mimi jembe silikatai, nimelelewa na jembe. Ila nilipofikiria ile mashine imefunikwa turubai na mimi sipo, tonge nikalirudisha sahanini.

Basi nikasema, nitampelekea mzee zawadi ya kuongea yenyewe, mdomo wangu usihitaji kuongea. Nikachagua ubao wa mvule usio na ufa, nikachora maneno FAMILIA MUPENDA, na chini yake mchikichi mmoja, mrefu, na makuti yake yametawanyika juu, kwa sababu mzee ana shamba la michikichi na mawese yake yanasifiwa mpaka Lusangi. Mashine ikachonga vizuri mpaka mimi mwenyewe nikawa naupapasa ule mchikichi kama ninayembembeleza mtoto. Ningeishia pale, leo hii nisingekuwa na kisa.

Ila kibao kinatakiwa kitundikwe, na Dezire akaja ateliye, akakisifu, akakigeuza akaangalia nyuma, akasema, "Weka tu kamba hapa nyuma, bibi yangu. Itatosha."

"Kamba ni ya mbuzi," nikamjibu.

Ndiyo, ni mimi niliyesema. Shahidi yupo. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi mafundi wa mbali wanavyofanya: nyuma ya kibao wanachonga matundu mawili ya kujificha. Kila tundu lina mlango wa duara unaotosha kichwa cha msumari, na kutoka kwenye ule mlango kuna mfereji mwembamba unaopanda juu. Unaingiza kichwa cha msumari mlangoni, unakishusha kibao kidogo, msumari unapanda kwenye mfereji na kichwa chake kinanasa humo ndani, hakitoki, na kibao kinalala ukutani kimya, mtu haoni kamba wala msumari. Meshi ya kazi hiyo inafanana na uyoga, shingo nyembamba na kichwa kipana, na mimi nilikuwa nayo, haijawahi kufanya kazi, inaniangalia tu kwenye boksi lake. Nikaona, kwa baba mkwe ndipo pa kuianzia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kichwa changu kilipopotea na sina uhakika kama kimesharudi. Ili kuchonga nyuma, lazima uugeuze ubao ulale kifudifudi mezani. Kuugeuza! Jambo dogo, hata samaki anageuzwa. Na mimi niliugeuza vilevile kama samaki kwenye kikaango, nikaushika upande ulio karibu na tumbo langu, nikaupindua kuelekea mbele. Kumbe unatakiwa kuugeuza kama ukurasa wa kitabu, kutoka kulia kwenda kushoto, ili juu ibaki juu. Ukiupindua kama samaki, kichwa cha mchikichi kinakuja tumboni kwako na mizizi inakwenda kule, na mashine, maskini, haijui, yenyewe inafuata mchoro, inachonga mfereji kwenda ule upande inaouita juu. (Nimelieleza hili mara nyingi na kila mara katikati ya maelezo nasimama, nauliza, ngoja, tumboni au kule?)

Nje dereva wa pikipiki anapiga honi, jenereta inakohoa mafuta yanaisha, na meshi ya uyoga ikaingia, ikaenda, ikarudi kwa njia yake, ikatoka bila kuchana hata unyuzi. Nikachukua msumari, nikauingiza kwenye tundu, nikausukuma, ukanasa. Tk! Nikarukaruka peke yangu. Ubao ulikuwa bado umelala kifudifudi mezani, na kitu kikilala mezani hakina juu wala chini, lakini hilo nani alikuwa ananiambia?

Nilikifunga kibao mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikakaa nyuma ya Dezire kwenye pikipiki, tukaishika ile njia ya Kabambare ambayo mnaijua, nusu unapanda pikipiki, nusu pikipiki inakupanda wewe. Tulipopumzika pale Wamaza, mama mmoja muuza ndizi alinipa pole, akasema mtoto wangu amekonda. Nilicheka. Bado nilikuwa na meno ya kuchekea.

Sasa kuna habari ya heshima. Kabla hatujaondoka, mama yangu alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Mapendo, hata nyumba iwake moto, baba mukwe usimupe mugongo." Nikasema ndiyo, mama. Halafu tulipokaribia Kabambare, Dezire naye, bila kugeuka, akanipigia kelele kwenye upepo, "Kwetu, mukamwana hamuangaliake baba mukwe mu uso, unasikia?"

"Na mama amesema nisimpe mgongo!"

"Kwetu hakuna mambo ya mugongo. Ni uso."

"Sasa nimpe upande gani?"

Akafikiri mpaka tukavuka shimo kubwa. "We jikaze tu," akasema.

Basi nikaona, nisipompa uso nisipompa mgongo, kilichobaki ni ubavu. Nikaingia kwa wakwe zangu kiubavuubavu kama kaa wa mtoni, macho kwenye miguu yangu, na watu wakanipokea vizuri sana ingawa nadhani walifikiri kiuno changu kimeumizwa na safari.

Siku iliyofuata, mchana, familia ikakusanyika sebuleni. Papa Mupenda alikaa kwenye kiti chake, amevaa kofia yake ya kahawia ambayo haitoki kichwani (hayo nimeambiwa, mimi sikuwa naangalia juu kiasi hicho), wajomba na baba wadogo wamemzunguka, na Shangazi Feza, ambaye hakusoma lakini macho yake yanaona hata sindano, amekaa karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa anaingia na kutoka na vyombo. Beseni la maji ya kunawa liliwekwa karibu na ukuta. Asubuhi Dezire alikuwa ameshagonga misumari miwili ukutani kwa kufuata karatasi niliyompimia. Kibao nilikuwa nimekivisha kitenge upande wa mbele, nimekichomeka pembeni vizuri, ili kikishatundikwa nikivute watu washangae. Na kweli walishangaa.

Dezire akasimama akichukue, mzee akamzuia. "Mwenye kuileta, aitundike yeye mwenyewe."

Mniwazie jamani. Ukuta uko kule, mzee yuko huku. Nikiuelekea ukuta nampa mgongo. Nikimwelekea yeye nampa uso. Nikasimama kiubavu, bega moja ukutani, macho sakafuni, nikainua kibao na kitenge chake, nikaanza kuitafuta misumari kwa kupapasa. Nikaipata. Nikaiingiza mlangoni, nikashusha, hakishiki. Nikainua, nikashusha, hakishiki, kinataka kunidondokea. Jasho. Nikafikiri, labda nimekikamata vibaya, hii ya chini ndiyo juu, kitenge kimenichanganya. Nikakizungusha huko huko hewani, nikaiingiza tena misumari, nikashusha. Tk! Kimenasa! Nikakitingisha, hakitikisiki. Nikavuta kitenge kwa madaha yote niliyojaliwa, nikarudi nyuma kiubavu, nikapiga goti, macho sakafuni.

Kimya.

Nikasema moyoni, wameduwaa. Kazi nzuri haipigiwi makofi, inanyamaziwa. Nilikuwa natabasamu peke yangu nikiangalia kucha zangu za miguu.

"Ile iko fagio?" akauliza Shangazi Feza.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa naangalia sakafu, nikaona kwamba kweli kuna vumbi la ukuta limeanguka Dezire alipogonga misumari, na pale pembeni kuna fagio limeegemezwa, nikaelewa kwamba shangazi ananikumbusha, mkamwana gani anatundika kitu halafu anaacha uchafu? Nikaamka mbio, nikachukua lile fagio, nikaanza kufagia. Mbele ya wazee. Kuelekea miguuni mwao. Nyinyi mnajua maana ya kuwafagilia wageni miguuni, hata mtoto anajua, ni kuwaambia waondoke, na baba mdogo mmoja akaanza kweli kuinuka na kutafuta viatu vyake.

"Mapendo," nikasikia sauti ya Dezire, ndogo kama ya mtu aliyemeza mfupa. "Angalia kibao."

Nikaangalia. Jina la familia ya mume wangu lilikuwa limesimama kwa kichwa, miguu ya herufi iko hewani, na ule mchikichi niliokuwa naubembeleza, mizizi juu, makuti chini, haukuwa mchikichi tena. Ulikuwa fagio kabisa. Shangazi alisema kweli. Na mimi hapo chini yake nimeshika fagio jingine, kama nimekuja kuonyesha mfano.

"Muke anakuja kwa wakwe siku ya kwanza," shangazi akasema, akiwaambia wote, "anatundika fagio ku ukuta, kisha anakamata fagio anatufagia. Sisi tuko wachafu namna gani?"

Nikakirukia kibao, nikakitoa, nikakigeuza sawasawa, mchikichi juu, nikakibandika. Kikaanguka. Nikakibandika tena, huku nauliza kwa sauti, "Lakini kilishika! Kilishika sasa hivi!" Kikaanguka tena, safari hii ndani ya beseni la kunawia, maji yakaruka yakamlowanisha mzee suruali mpaka magotini. Nikakichota kutoka majini, nikakigeuza kichwa chini, kikanasa tk! Nikakigeuza kichwa juu, hakinasi. Kichwa chini, kinanasa. Nilikuwa sielewi kitu. Ningeapa mbele ya kasisi kwamba kile kibao kina roho na kinanichukia.

"Mukamwana," Papa Mupenda akasema, polepole, maji yanamdondoka. "Tuambie. Ni sababu gani mbao yako inakataa kusimama?"

Hapo, ndugu zangu, nilisahau. Nilimsahau mama yangu na mgongo, nikamsahau Dezire na uso. Nikaanza kueleza mashine: kwamba ubao unalala hivi, mchoro uko hivi, juu iko huku, halafu unaugeuza, sasa ukiugeuza... na mikono mitupu haikutosha, nilihitaji kitu chenye mbele na nyuma, kitu chenye juu na chini, nikatafuta huku na huku nikakiona, nikakichukua, nikaanza kukigeuza. "Ona! Ukigeuza kama kitabu, juu inabaki juu. Ukigeuza kama samaki, ona, juu inakuja kwangu! Niligeuza kama samaki! Papa, niligeuza kama samaki!"

Furaha ya kuelewa ilinishika kwa muda mfupi sana. Kisha nikaona kwamba ninamwangalia baba mkwe usoni, macho kwa macho, na kwamba ana kipara kinachong'aa, na nikajiuliza, kama mjinga, mbona leo hana kofia.

Kofia ilikuwa mkononi mwangu.

Dezire alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili. Baba mdogo aliyekuwa anatafuta viatu aliketi tena, maana mambo yalikuwa yamenoga. Mimi nikapiga magoti, nikaiinua ile kofia kwa mikono miwili kama ninayetoa sadaka, na nilitamani ardhi ya Kabambare inimeze na kibao changu. Niliona mashine yangu imefunikwa turubai. Niliona jembe.

Mzee aliipokea kofia. Hakuivaa. Aliiangalia, akaigeuza kama kitabu. Akaigeuza kama samaki. Akaigeuza tena, akakunja uso.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Hapa juu imeenda wapi?"

"Iko kwako, kaka," akasema baba mdogo, naye akavua kiatu akaanza kukigeuza. Mwingine akachukua sahani. Kila mtu ana kitu chake anakipindua, huyu anasema imebaki, yule anasema imeondoka, na Shangazi Feza anawaambia wote kwamba wamerogwa. Katikati ya zile kelele mama mkwe akaingia kutoka uani. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Mkononi alikuwa na nyundo, vijisumari viwili na kamba. Akakichukua kibao, akagonga vijisumari kwenye ukingo wa juu, akafunga kamba huku na huku, akaitundika kwenye misumari ya ukuta. FAMILIA MUPENDA. Mchikichi umesimama.

"Mbuzi atakaa bila kamba leo," akasema, akatoka.

Dezire aliondoa viganja usoni, akaniangalia. Mimi niliangalia pengine. Na mbuzi mwenyewe tulimsikia anapita dirishani, huru, anaelekea kwenye maharagwe ya watu.

Kisha Papa Mupenda akakohoa, na sebule ikatulia, kwa sababu wote walijua sasa neno linakuja.

"Mimi nilikuwa na neno lingine tayari," akasema. "Kama hii kitu ingesimama muzuri, ningekuambia, mwanangu, tumeona, uko fundi, aksanti, sasa kamata jembe. Lakini kazi yenye imekushinda mbele ya wakwe, utaiacha namna gani? Watu watasema muke wa Dezire alishindwa na mbao. Hapana. Rudi Kasongo, ujifunze juu iko wapi. Siku utaniletea kibao chenye kusimama bila kamba, siku ile tutaongea mambo ya jembe." Akaninyooshea kofia. "Na hii chukua. Utajifunza nayo. Kichwa yangu umeishaiona."

Nililia, sikuficha, na sikujua nalia kwa aibu au kwa shukrani, nadhani vilikuja pamoja vikagongana mlangoni.

Basi ile kofia iko hapa ateliye, imetundikwa juu ya mashine, na nimeapa kwamba sitageuza ubao wowote bila kuigeuza kofia kwanza, hata mteja akisimama pale anacheka. Na tangu siku ile nimechonga vibao vingi vyenye matundu ya kujificha, vya harusi, vya maduka, hata cha kanisa, na vyote vimesimama vichwa juu, hakuna hata kimoja kilichorudishwa.

Kile cha Papa Mupenda tu ndicho bado. Kila likizo Dezire ananiuliza kitakwisha lini, tumpelekee baba kisicho na kamba. Nami naishusha ile kofia msumarini, naigeuza polepole, hivi na hivi, nakunja uso kama mzee mwenyewe, namwambia bado, mume wangu, bado sijaelewa vizuri juu ni wapi.